Jiwe la Kusagia la Mama

Wanajeshi walipoingia Koboko na sisi tukakimbia, kila mtu alibeba anachokipenda. Baba alibeba redio isiyo na betri. Mama alibeba jiwe. Si lote, maana jiwe la kusagia ni mawili: kubwa lenye shimo, ambalo hata punda angegoma kulibeba, na dogo la kushika mkononi. Kubwa alilizika nyuma ya jiko. Dogo likaenda kichwani, ndani ya beseni, mpaka upande wa Zaire. Nilicheka njia nzima. Wenzetu wamebeba magodoro, mama yangu kabeba kipande cha mlima.

Mawe yale yalitoka kilima cha Abuku, magumu, meusi, na mshipa mweupe katikati. Yalikuwa yamesagana miaka mingi mpaka lile dogo likikaa ndani ya kubwa huoni pa kuingiza hata ukucha.

Kule ukimbizini mto ulipita kati ya kingo za mawe laini, yamelaliana tabaka juu ya tabaka kama chapati. Mwalimu wa jiografia, aliyetumia mlango wa choo kama ubao, alisema huo ni mchanga tu ulioletwa na maji zamani sana, ukagandamana.

Shule haikuwa na tufe la kurusha michezoni. Mama alikuwa na homa wiki kadhaa, mkimbizi mwenzetu anatuletea unga, jiwe limelala bila kazi. Nikaliiba. Wavulana wanane walilitupa salama. Zamu yangu likagonga ukingo, likadunda, likazama mtoni, na mto ulikuwa umefurika. Wenzangu wakapiga makofi: nimevunja rekodi.

Nikaokota jingine pale ukingoni, la ukubwa uleule. Nililisugua siku tatu, nikalipaka mafuta na masizi. Niliona nimeweza.

Mama alipopona alisaga juu ya bamba gumu la mwamba alilolitumia kule badala ya lile kubwa, akaonja unga, akasaga tena. Jioni ugali ulilia kati ya meno.

"Hii jiwe iko mwepesi," akasema. "Tena inatoa muchanga."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikatoa hotuba. "Mama, mawe yanalika. Mwalimu amesema. Mvua inakula mlima mzima, sembuse hicho kijiwe chako."

Mama hakusoma shule. Aliangalia viganja vyake. "Basi homa imekula mimi pamoja na jiwe."

Nami nikaenda kuwasimulia wenzangu, wakacheka mpaka wakakaa chini. Sasa niko sekondari Arua, na mwalimu akifika kwenye mmomonyoko, mimi naangalia dirishani.

Tuliporudi Koboko nyumba haikuwa na bati wala mlango, na nyuma ya jiko kulikuwa na shimo. Jiwe kubwa tulilikuta kwa mama jirani, aliyerudi kabla yetu, anasagia mtama, tena anaimba. Mama hakuwa ameuliza bati ziko wapi. Hakuuliza mbuzi. Jiwe alilidai.

"Dada, mawe yote ya Abuku iko na mushipa mweupe," jirani akajibu. "Hii nilitoa kule kilima, mimi mwenyewe."

"Ulitoa nyuma ya jiko yangu!"

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Alilizunguka jiwe mara mbili, kisha akamwambia mama, "Leta ile ndogo yake. Ikikaa sawa, jiwe iko yako. Ikikataa, maneno imekwisha."

Mama alikwenda kulichukua mbio, karibu acheze. Mimi nilitamani ajikwae.

Akalipachika mbele ya watu. Likayumba. Akalisukuma kwa nguvu, likakwaruza na kuacha chenga za mchanga ndani ya shimo. Jirani akapiga kigelegele.

"Heee! Kumbe mwizi ndio anaita wengine mwizi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe umesoma. Ambia wao vile mawe inalika."

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, "lile lenyewe nililitupa mtoni kule Zaire. Tulikuwa tunacheza. Hili niliokota tu."

Mwenyekiti akanitazama, kisha akacheka kuliko wote. "Huyu kijana! Si ni yeye juzi alisema lori ya chumvi imefika soko, tukapanga mustari asubuhi mzima bure? Leo anadanganya sababu ya kuokoa mama yake. Kwenda huko!"

Jiwe likabaki kwa jirani. Kabla hatujatoka uani alishaanza kulifuta kwa maji.

Njiani mama akanishika bega. "Ulitaka kusaidia mimi, nimeona. Lakini usijipakaze uongo mbele ya watu, mwanangu. Kesho wataita wewe mubaya."

"Mama, ni kweli. Naapa."

"Nimesikia. Nyamaza sasa." Akanipangusa vumbi shavuni kama mtoto mchanga.

Asubuhi tukapanda kilima cha Abuku kutafuta jiwe jipya. Mama aligonga moja kwa nyundo, akasikiliza, akaligeuza, akanitazama. Akaenda kwa la pili, akafanya vilevile. Kwa kila jiwe alinisubiri mimi, msomi.

"Na hii? Hii nayo italika?"

"Sijui, mama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Alidhani namtania.