Theluji ya Ukutani kwa Bibi Abigail

Mwaka ule wa tisini na nane, baridi ilikuja Falls Church, kando ya Washington, bila theluji. Mvua tupu, wiki baada ya wiki, na kila asubuhi Ghati alichungulia dirishani akarudi akisonya.

Theluji hiyo aliihitaji. Elkanah, mumewe, aliyemleta Marekani kisha akamfungashia virago ili amwingize mwanamke mwingine, alikuwa kwao Isebania, Kenya, kwa likizo ndefu. Huko, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, akatangaza kwamba Ghati amerukwa na akili, analala chini ya daraja. Mama yake Ghati akaacha kwenda sokoni kwa aibu. Picha moja tu ingemrudisha mama sokoni: Ghati amenona, amevaa koti, amesimama kwenye theluji. Kwao, Marekani bila theluji ni Marekani gani?

"Theluji si ile pale?" akasema Bibi Abigail, mzee wa miaka themanini na kitu ambaye Ghati aliajiriwa kumpikia na kumwogesha. Alionyesha mchoro uliojaza ukuta wa sebule: milima myeupe imeshuka hadi baharini, na jua la baridi limeilalia kwa rangi ya asali. Ni kwao Alaska. Aliyeuchora ni marehemu mumewe.

"Bibi, huo ni mchoro!"

"Na wewe ni mrembo. Simama. Sogea kushoto. Jua la kwetu halipandi juu, linatambaa."

Akafunga pazia, akashusha taa ya mezani hadi kwenye kiti, mpaka shavu la Ghati likawaka sawasawa na vile vilele. Ghati, ndani ya koti, kofia na glavu, alitiririka jasho kama mpishi wa harusi.

"Bibi, piga, naiva!"

"Cheka kwanza. Fikiria yule bwana wako ameteleza kwenye barafu."

Ghati akaangua kicheko. Bibi akabonyeza kamera.

Picha iliposafishwa, loo, ilipendeza! Ila Bibi alimchukua mzima mzima, na chini kabisa, mbele ya theluji yote ile, Ghati alikuwa na kandambili za buluu. Akaituma hivyo hivyo.

Baada ya wiki kadhaa akampigia mama simu, kwenye duka la jirani kule Isebania.

"Mama, umeiona?"

"Nimeiona. Miguu nimeikata kwa mkasi. Mtu mzima anaenda kwenye theluji na kandambili?"

"Na watu je?"

"Wameishika wote. Hata Elkanah amekuja, akaigeuza, akaigeuza, akasema, 'Mama, huu ni uongo. Washington haina milima hii, wala bahari.'"

Ghati akaikaza simu sikioni. Hilo hakulifikiria. Isebania nzima, nani mwingine angelijua?

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Baba, wewe ulimwacha Washington. Ulidhani atasimama palepale akikungoja?'"

Ghati alicheka mpaka Bibi Abigail akapaza sauti kutoka chumbani kuuliza kuna nini.

"Akasema nini, mama?"

"Amenirudishia picha. Amekwenda zake. Haya, niache, leo ni siku ya soko."