Upatanisho Ulioliwa Bombani

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji, hapa bombani Kashojwa, ndani ya kambi yetu ya wakimbizi, shemasi mmoja alipomsogelea muuza mandazi na kumwambia kwa sauti ndogo, "Mama, jana sikukuona ku kanisa. Nilisimama mbele ya watu bote, nikatubu. Mchungaji amesema upatanisho umeisha fanyika."

Sote tulijua kosa lake. Tumbo lilimuuma, akatangaza bomba zima lisikie kwamba mandazi ya huyu mama yana sumu. Zahanati ya Base Camp ilimkuta na vidonda vya tumbo, lakini maneno yalikuwa yameshatembea. Wiki ya tatu hiyo beseni lilikuwa likirudi nyumbani limejaa, na watoto wake wakila mandazi hayo hayo asubuhi na jioni.

Mama hakuinua hata macho. "Baba, ile sumu uliitangaza ku kanisa?"

"Hapana. Ni hapa."

"Basi ni hapa fasi ya kutubu." Akafunua beseni.

Shemasi akatazama foleni, akatazama mandazi.

"Unaogopa nini?" nikamwuliza. "Si umeshatubu?"

Akapaza sauti: "Nilisema uongo! Huyu mama hana sumu!" Kisha akachukua andazi moja, akatafuna polepole, sote macho kwenye koo lake. La pili alilichukua bila kuambiwa. Ndipo mwanamke wa nyuma yangu akauliza, "Mama, yamebaki ngapi?"

Mchungaji, naambiwa, alilieleza neno upatanisho kwa saa mbili nzima. Bombani lilieleweka kwa mandazi mawili.