Vipande Vitatu vya Kopo la Maziwa

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo nisije nikahangaika kulificha baadaye. Wenzangu pale ofisini Rumonge walinitania kwamba hata kiberiti natunza nakala mbili, na sikuwabishia. Kazi yangu ilikuwa kutunza seva, zile kompyuta za kuhifadhia kumbukumbu, na seva zinamtaka mtu mwoga.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na kijichumba, nyuma ya soko la mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Watu waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania walituletea karatasi walizookoka nazo: kadi ya ubatizo, cheti cha shule, picha ya harusi iliyokunjwa mara nne. Mwenzangu, mama mmoja mwenye asili ya Uvira, alizinakili kwa mashine na kuwarudishia wenyewe. Mimi nilihakikisha kwamba nakala zinakaa salama.

Wiki ile tulikuwa tumepata seva mpya yenye nguvu, na nilitakiwa kuzihamishia ndani yake seva zetu mbili kuukuu, pamoja na ya tatu iliyoletwa kutoka kwa wenzetu wa ofisi ya Muhuta. Si vyuma vyenyewe vilivyohama. Seva moja ya siku hizi inaweza kubeba ndani yake mashine kadhaa zisizo na mwili, kila moja ikifanya kazi zake na kujiona iko peke yake nyumbani. Mbili za kwetu zilihama bila neno. Ya Muhuta niliiacha ya mwisho, na nakiri nilikuwa naitazama kwa hamu mbaya, kwa sababu katika orodha yake ya picha nilikuwa nimeona mstari mmoja: walimu wa Rumonge, siku ya uhuru.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Rumonge.

Saa tatu asubuhi nilifungua mipangilio ya seva ile. Ilikuwa na diski tatu, na fundi aliyeipanga alikuwa mtu wa haraka. Kila picha ilikatwa vipande, kipande huku, kipande kule, ili diski zote zisome kwa pamoja na kazi iende mbio. Nakala hakuna. Diski moja ikifa, zile mbili zinabaki na vipande visivyomfaa mtu. Nilikuwa bado namtukana fundi huyo kimoyomoyo wakati diski ya kati ilipoanza kugonga, tik, tik, tik.

“Dada, hii iko inalia,” mwenzangu akasema. “Iko na nini? Nizime?”

“Usiiguse! Ukiizima haiwaki tena.”

Nilianza kuhamisha palepale. Mashine ikaniambia itachukua saa tano. Nilikaa kwenye kiti nikisikiliza ule mlio wa tik tik. Niliogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa tangu nikiwa na miaka tisa.

Nilipokuwa na miaka tisa, katika mwaka wa sabini na mbili, baba aliitwa kwenye mkutano. Alivaa koti lake, akaenda, hakurudi. Walimu wengine nao waliitwa, hawakurudi. Mama hakulia mbele yetu. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akatia ndani karatasi ya shamba letu la michikichi, diploma ya baba, na picha pekee tuliyokuwa nayo: baba na mama siku ya uhuru, mama akiwa na mimba yangu. Siku hizo wasomi walikuwa wanasakwa na kuuawa, na kukutwa na diploma ndani ya nyumba kulitosha kukumaliza. Akalifukia shambani, peke yake.

Kisha akatuita watoto watatu, mmoja mmoja, nyuma ya jiko. Dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliambiwa ni mchikichi upi wa kuanzia. Mimi niliambiwa ni hatua ngapi kuelekea ziwani. Mdogo wetu wa miaka sita aliambiwa achimbe kwenda chini kiasi gani. Mama alinishika masikio yote mawili aliponiambia.

“Shika ya kwako tu. Usimuambie mutu, hata dada yako. Wakikamata mumoja, asikuwe na yote.”

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo, na simlaumu. Aliyemwogopa ni mtu wa kututesa, na kwa mtu huyo mpango wake ulikuwa mzuri. Hakuuogopa ugonjwa. Tulitembea kusini tukipita mashambani, mbali na barabara, hadi Nyanza-Lac, tukavuka mpaka. Huko Kigoma mama alishikwa na homa, akapelekwa hospitali bila sisi, na habari iliyorudi ni kwamba ameshazikwa. Mvua za kwanza zilipoanza, dada naye akaugua.

Mchana mmoja aliniita nikae karibu na mkeka wake. Midomo ilikuwa imempasuka.

“Kuja nikuambie ya kwangu,” akasema.

“Mama alikataza.”

“Mama hayuko. Kuja.”

Nikatia vidole masikioni. Niliuona mdomo wake ukitikisika, nikafumba na macho, nikaanza kuimba kwa sauti wimbo wa shule ili hata neno moja lisipenye. Niliogopa kwamba nikisikia, watu waliomchukua baba watajua, watavuka mpaka kuja kunichukua. Nilipofungua macho alikuwa amegeukia ukutani. Alifariki baada ya siku mbili.

Tuliporudi Rumonge, mimi na mdogo wangu tukiwa watu wazima, tuliambiana vipande vyetu kwa mara ya kwanza: hatua kumi na nne, na kuchimba mpaka bega lizame. Tulichimba mashimo kumi na moja katika shamba ambalo sasa lina watu wengine, wao wakitutazama kwa wasiwasi, mimi nikihesabu hatua kutoka kila mchikichi mzee uliosalia. Hatukupata kitu. Michikichi mingi ilikuwa imekatwa na kupandwa upya.

Saa nane na nusu mashine ilisema imemaliza. Niliijaribu picha moja, ikafunguka. Nyingine, ikafunguka. Nikatengeneza nakala kwenye diski ya pembeni, kisha nakala ya nakala. Baada ya hapo tu ndipo nikaizima seva ya Muhuta, na ile diski ya kati ikanyamaza.

“Si zimepona zote?” mwenzangu akaniuliza. “Mbona uko unalia?”

Nikamwomba ampigie simu mdogo wangu. Alifika na baiskeli yake, viganja vimejaa mafuta ya mawese, akatuamkia, “Amahoro,” akasimama nyuma ya kiti changu. Nikaifungua ile picha ya walimu.

Wanaume sita wamesimama mbele ya darasa. Makoti, mashati meupe, macho yamekunjwa kwa jua. Nyuma ya picha, upande ulionakiliwa pia, mtu aliandika “siku ya uhuru,” na majina hakuandika. Picha ilikuwa safi, haikupotea hata nukta moja. Mwenzangu akapiga makofi.

Nilitazama sura moja moja. Nilikuwa nimejiaminisha miaka yote kwamba uso wa baba ninao kichwani, na kwamba nikiuona tu nitaujua.  Mwishowe nikaweka kidole juu ya wa pili kutoka kushoto, mrefu, mwenye kitabu kwapani.

“Ni huyu,” nikasema.

 Mkono wa mdogo wangu ukapita juu ya bega langu, polepole, ukagusa kioo cha kompyuta juu ya mtu wa tano.

“Baba ni huyu, dada.”

Tulibaki hivyo, vidole viwili juu ya watu wawili, na hapakuwa na wa kumuuliza. Dada yetu alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye angemjua.