Mapengo ya Zumra

"Hivi kazi yako ni kukaa kutazama miti ikifa?" Ndivyo Hasnija alivyomuuliza jirani yake Zumra Fejzić mwaka ule alipoajiriwa.

Jibu ni ndiyo. Asubuhi hii ya Aprili, sala ya alfajiri ikiwa imekwisha na tasbihi bado mkononi, Zumra anapita kwenye shamba la majaribio juu ya mji wa Olovo, kati ya mistari ya bukva, mti wenye gome laini la kijivu unaofunika milima ya Bosnia. Kila mstari mbegu yake ilitoka kwingine: Ujerumani, Romania, Ubelgiji. Miti haimwagiliwi wala haibembelezwi. Itakayostahimili ukame ndiyo itakayopandwa kwenye mlima uliokauka juu ya kijiji chao, ule ulioporomosha tope hadi ndani ya msikiti.

Kwenye mstari wa Ubelgiji anasimama. Bukva ya huko huchelewa kuamka. Saa hizi machipukizi yake bado yamefumba. Lakini hapa na pale, palipokuwa na mapengo, pana majani mabichi.

"Astaghfirullah," anasema. "Hii ni ya kwetu."

Anashuka moja kwa moja hadi jikoni kwa Hasnija, anayemimina kahawa.

"Ni mimi," Hasnija anawahi kusema. "Nimekuzibia kwa miche ya msituni. Wageni wanakuja kutoka Sarajevo kukagua, shamba lina mapengo kama kinywa cha mume wangu! Nikakuonea huruma."

"Hasnija, yale mapengo ndiyo kazi yangu! Iliyokufa ndiyo inayotwambia mbegu ipi haifai. Sasa watasema ya Ubelgiji imeweza, waipande mlimani, ikauke, tope litukute tumelala!"

"Haya, kunywa kahawa. Mbona hata ile mingine ya mstari ule imenawiri? Niliipa maji kidogo tu."

Zumra anaweka kikombe chini. "Maji? Kiangazi kile cha ukame?"

"Ndoo mojamoja. Thawabu, mwenzangu!"

"Thawabu katafute kwenye maharage yako!"

Anavuta pumzi. Miche ataing'oa, anasema, na wageni atawaambia mstari ule umeharibika, uanzwe upya. "Namwomba Mungu anipe uhai niuone mlima ule umeshikwa na mizizi. Basi."

"Uing'oe? Imeshatoa majani, masikini! Na tasbihi ungali nayo mkononi?"

Zumra anaitia tasbihi mfukoni, anachukua sururu ya Hasnija iliyoegemezwa mlangoni, anarudi shambani.