Sehemu ya Mgeni

Dagane alikijua Kiingereza, na alijijua kwamba anakijua. Mwaka wa 1967, serikali ilipowakusanya watu wa kando ya Tana katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge karibu na Balambala kwa sababu ya vita na waasi walioitwa shifta, yeye ndiye aliyefanywa mkalimani.

Ofisa wa posho, mtu wa kutoka mbali, alitaka kujua kila nyumba inakula kiasi gani. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi, kumbe ina miba. Mama mmoja alisema anapika "cha kumnyamazisha mtoto". Mwingine alisema "cha mtu aliyerudi malishoni". Dagane alipoyatafsiri neno kwa neno, ofisa alikunja uso.

"Nipe Kiingereza cha watu," alisema. "Kidogo, cha kawaida, kikubwa."

Basi cha mtoto kikawa kidogo, cha mchungaji kikawa kikubwa. Dagane akayatazama maneno yake yamekaa vizuri kwenye safu, akajiona bingwa.

Ndipo ikafika zamu ya Batula, shangazi yake aliyemlea toka utotoni. Alikuwa mjane, akiishi na mkwe wake Nimo, mja mzito ambaye mumewe hajulikani aliko.

"Mko wangapi, eeddo?" Dagane aliuliza, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Wawili."

"Na mnapika sehemu ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya Nimo, na ya mgeni. Unauliza kama hujui?"

Alijua. Katika kila nyumba sehemu hiyo hutengwa kwanza, kabla mwenyeji hajagusa chakula, mgeni aje asije. Dagane mwenyewe, kapera asiye na jiko, ndiye aliyekuwa akiila kila adhuhuri kwa Batula. Lakini akitaja mgeni, ofisa angeuliza mgeni gani, na mwaka ule swali hilo lilikuwa la kumsaka shifta aliyefichwa. Kwa kumlinda shangazi yake akatafuta neno laini. Akaandika kwa Kiingereza safi: sahani ya ziada. Akaandika hivyo hivyo kwa nyumba zote.

Ofisa akasoma, akachukua penseli. "Kama ni ya ziada, hawaihitaji." Akaikata safu nzima.

Nyumba ya watu wanane haikuumia sana. Ya Batula ilipoteza theluthi. Dagane alisononeka siku mbili tatu, kisha akajifariji: watu wawili, sehemu mbili, hakuna atakayelala njaa. Masikini, aliliamini neno lake mwenyewe.

Adhuhuri aliendelea kwenda kama kawaida. Batula aliendelea kumwekea bakuli.

"Na wewe, eeddo?"

"Nimekutangulia. Kula, kinapoa."

Naye alikula, mpaka akaramba vidole. Aliona shangazi yake anajifunga shuka kwa kuikaza zaidi kila wiki, akadhani ni uzee. Mtu msomi, macho mawili mazima, na hakuona.

Wiki ya saba Batula hakuamka. Walimzika nje ya seng'enge, askari wakiwasimamia na bunduki. Dagane alilia kama mtoto, akarudi kukaa na Nimo kwenye kibanda.

"Alikuwa anaumwa nini?" akauliza.

Nimo akajibu, "Hakuumwa. Posho ilikuwa ya sehemu mbili. Yangu aliitenga kwa ajili ya tumbo hili. Ya pili ilikuwa yako. Alinikataza kukuambia, akasema mgeni haambiwi hivyo."

Dagane akalisukuma mbali bakuli lake.

Adhuhuri ilikuwa imefika. Nimo akaepua chungu, akapakua ugali wake, sehemu moja tu ya mtu mmoja na ujauzito wake, maana ya Batula ilikuwa imefutwa. Kabla hajaugusa akaukata katikati, akamsogezea nusu.

"Kula," akasema. "Kinapoa."