Barua Tatu kwa Dada Paulina

Sababu ya safari yangu ilikuwa hasira, ingawa majirani niliowaaga Morogoro niliwaambia nakwenda kumsalimu dada. Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi miaka kumi na tisa kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji, na jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya waliopunguzwa, iliyobandikwa getini. Mke wangu Felista alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya hapo. Hatukujaaliwa mtoto. Ndugu yangu wa tumbo moja aliyebaki ni dada Paulina, aliyeolewa na Mnyakyusa mmoja aitwaye Anyosisye, fundi wa kiwanda cha chai, akahamia naye kwao Lufingo, wilaya ya Rungwe. Katika miaka miwili tangu nikose kazi nilikuwa nimemwandikia barua tatu. Hakujibu hata moja.

Mtu anayeishi peke yake hupata muda mwingi wa kuwasemea wengine. Nilikaa chumbani nikimsikia dada kichwani mwangu: huyu hana kazi sasa, atakuja kutuganda, heri tunyamaze. Sauti ilikuwa yake kabisa. Mwishowe nikaona niende nikamwambie ana kwa ana kwamba nimemwelewa, kisha nirudi nisimwandikie tena.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Morogoro. Lilikuwa la mtu binafsi, miongoni mwa yale yaliyoanza kushindana barabarani miaka ile. Mikumi twiga walikuwa karibu na lami, na abiria wote wakainuka kuwatazama. Mimi nilibaki nimekaa, nikiyapanga maneno yangu. Ruaha Mbuyuni wachuuzi walileta mahindi ya kuchoma madirishani. Mzee niliyekaa naye alivunja hindi lake akanipa nusu. Nikakataa. Nilihisi ameiona kola yangu iliyochakaa akanihurumia. Aliila ile nusu taratibu akitazama nje, na hakusema nami tena mpaka aliposhuka Makambako.

Jioni nilifika Uyole, nikalala hapo. Asubuhi nikapanda pikapu ya abiria iendayo Tukuyu. Ilipanda hadi Isyonje ndani ya ukungu, ikateremka Kiwira, na kila upande ulikuwa migomba na chai, kijani kilichojaa maji. Wenzangu walizungumza Kinyakyusa njia nzima. Neno nililolijua ni moja tu, ndaga, yaani asante, nami sikuwa nimetenda lolote la kunifanya niambiwe. Walipocheka nilijua wananicheka mimi. Mlima Rungwe, ambao dada aliusifia katika barua zake za zamani, ulikuwa ndani ya mawingu, nikaona hata mlima umenigeuzia kisogo.

Saa tano nilikuwa sokoni Tukuyu nikitafuta gari la Lufingo. Hapo, penye nguo za mitumba, nilimwona dada. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeingia mvi, lakini alikuwa yeye. Alikuwa ameshikana mikono na mwanamke mwenzake, kama mashoga waliotoka kununua vitu pamoja. Walikuja upande wangu. Hatua tatu kabla ya kunifikia dada aligeuza uso, akanitazama sawasawa, akasimama. Nilihesabu pumzi zangu mbili au tatu. Kisha akamvuta mwenzake, wakapita.

Sikumwita. Nilihisi baridi ikipanda kutoka miguuni, na pamoja nayo, aibu kusema, nafuu fulani. Nilikuwa nimepata ushahidi.

Mchana ule mvua ilianza, nikapanga chumba kwenye nyumba ya wageni katika mtaa wa Bagamoyo; jina tu hilo, bahari iko mbali. Nilikusudia kugeuza kesho yake. Lakini ilipofika sikuweza kurudi Morogoro wala kwenda Lufingo. Nilikaa siku nne nikisikiliza mabati. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeitwa Mama Atupele, aligonga kila asubuhi na kuuliza swali lile lile.

"Baba, unaondoka leo?"

Siku ya kwanza nilijibu kwamba sijui. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaamini kwamba ananifukuza kwa adabu, pengine watu wamemwambia habari zangu. Siku ya nne nilimjibu kwa ukali kwamba chumba nimekilipia.

Alinitazama, sufuria mkononi. "Nauliza nijue ndisi ngapi nimenye," akasema. Ulimi wake haukuwa na herufi z. "Ukiwepo namenya sa watu wawili."

Nilikuwa nimekula ndizi zake siku zote hizo bila kujiuliza nani anazimenya. Niliona haya, na kwa sababu ya haya hiyo nikamsimulia. Nilimwambia kwamba nina dada, kwamba tulikutana sokoni, akanitazama, akapita.

"Ulimwita?"

"Mama, aliniona. Alisimama akanitazama."

"Sijauliza kama alikuona. Nauliza kama ulimwita."

Aliondoka na sufuria yake, na sijui kama alifikiri tena juu ya jambo lile.

Asubuhi ya siku ya tano mvua ilipungua. Nilipata lori lililokuwa likifuata ndizi, likanishusha njia panda, nikatembea kupanda vilima vya Lufingo nikiuliza nyumba ya Anyosisye fundi. Kila niliyemuuliza aliacha jembe kunielekeza. Bado nilikuwa na maneno yangu, ila sasa nilikuwa nayabeba kama mzigo wa mtu mwingine.

Dada alikuwa barazani, amekaa mkekani, akipukuchua maharage. Niliingia uani. Aliinua uso akanitazama kama siku ile ya sokoni.

"Nani?"

Nilinyamaza. Nakiri kwamba nilinyamaza makusudi, nikitaka kuona kujifanya kwake kutafika wapi.

"Wewe uliyesimama hapo, sema. Mimi sioni."

Maneno yote niliyotoka nayo Morogoro yalinitoka. "Dada, ni mimi. Boni."

Maharage yakamwagika. Alinyoosha mikono yote miwili, mmoja ukapita pembeni yangu ukishika hewa. Niliinama nikaufuata. Alinishika uso, akapita kwenye nyusi, mashavu, kidevu, akabaki hapo.

"Umekonda," akasema.

Jicho la kushoto ndilo lililotangulia, alinieleza. La kulia lilibakiwa na mwanga, kisha vivuli. Ulikuwa ugonjwa wa presha ya macho. Nilimwambia kwamba tulikutana sokoni. Alifikiri.

"Penye mitumba?"

"Hapo hapo."

"Nilikiona kivuli kimesimama kimya. Nikasema moyoni, huyu ananijua, ngoja aseme." Aliokota maharage mawili matatu kwa kupapasa. "Hakikusema."

Jioni shemeji Anyosisye alirudi kutoka kazini, akanipokea kwa mikono miwili na kuniomba radhi kwamba sikukuta chakula cha mgeni. Tulipokwisha kula mbalaga, zile ndizi zao zilizopikwa na nyama, niliuliza habari za barua. Aliingia ndani akazileta. Moja ilikuwa imefunguliwa. Mbili bado zilikuwa zimefungwa.

"Ya kwanza nilimsomea mimi," akasema. "Isome mwenyewe, shemeji."

Niliisogeza karibu na taa. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wangu, ulisema: *Najua hutanijibu, maana aliyeachishwa kazi hana ndugu.* Chini yake kurasa mbili, nikieleza kwa nini dada hatanijibu.

"Ulishaandika na jibu langu humo humo," dada akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi ningeongeza nini? Nikamwambia Anyosisye asifungue nyingine."

Shemeji alikohoa, akamtazama mkewe kama anayeomba ruhusa, ingawa mkewe hakuweza kumwona. Kisha akanieleza lililobaki. Wiki ile barua ilipofika, walikuwa wametoka hospitali, walikoambiwa awahi kwa daktari bingwa wa macho, na daktari wa namna hiyo aliyekuwa mahali penye ndugu wa kumpokea alikuwa Morogoro. Walikuwa wakitafuta namna ya kuniandikia kwamba dada aje akae kwangu apate matibabu.

"Tulipoisoma," akasema, kwa ulimi ule ule usio na z, "tukaona huyu mwenyewe anasama. Tutamshikia wapi? Tukangoja. Tulipokwenda baadaye, Mbeya, wakasema mishipa imeshakufa. Dawa ni ya kusuia maumivu tu."

Nilikuwa na chumba kitupu, na siku zote za juma zilikuwa zangu. Dada aliniwekea mkono gotini, na mkono ule ulinielemea kuliko lawama.

Nilikaa Lufingo majuma mawili. Asubuhi nilimshika mkono tukaenda kisimani, na aliniuliza chai imechumwa hadi wapi, na nani amejenga nyumba ya bati mpya. Siku moja alitaka nimsomee barua mbili zilizobaki. Nilimwomba nizichome. Akakataa, akasema ni zake. Nikazisoma, neno kwa neno, kwa sauti yangu mwenyewe. Mahali nilipoandika kwamba bila shaka anazisoma huku akicheka, alicheka kweli, kidogo, kisha akageuza uso upande wa migomba.

Siku ya kuondoka nilimwomba aje Morogoro akae nami. Alisema hapa anaijua kila hatua ya uwanja wake; kwangu angekuwa kipofu. Shemeji alinisindikiza hadi njia panda. Njiani kurudi, basi lilijaa watu nisiowajua, nami sikujua wanafikiri nini juu yangu. Niliona hilo ndilo lililokuwa kweli siku zote.

Nilirudi kwenye chumba kile kile. Kazi sijapata, na jioni bado ni ndefu. Sitawadanganya wasomaji wangu kwamba ukibadili mawazo dunia nayo hubadilika. Macho ya dada hayakurudi. Nilichojifunza ni kwamba miaka miwili niliishi na dada niliyemtengeneza mwenyewe, nikamlisha, nikamsikiliza, na yule wa kweli alikuwa akiningoja niseme neno. Shemeji humsomea barua zangu Jumapili wakitoka kanisani. Siku hizi naandika ukurasa mmoja tu, na mstari wa mwisho huwa swali.