Seli Kapewa Dawa ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fundi tu, maana kila kochi lililochoka lilipita mikononi mwake likavalishwa upya. Kazini hakuwa msemaji. Mdomo ulikuwa umejaa misumari midogo tangu asubuhi. Masikio ndiyo yalikuwa wazi, na mume mwenye wivu akikosa la kusema, husikiliza.

Siku hiyo alikuwa barazani, goti limevimba kama mto wa kochi, akamsikia mkewe ndani akiongea na simu kwa sauti ya asali.

"Seli kaamkaje? Jana nilimchokoza mpaka akawaka, nikampa dawa ya mama mkwe. Katulia huyo! Nakuja kumlisha."

Fundi nusura ameze misumari.

Mtaa mzima ulikuwa na Seli mmoja: kinyozi, meno meupe kama ya kwenye tangazo, aliyewahi kumtaka mke huyohuyo kabla ya ndoa. Halafu dawa! Mizizi ile mama yake Fundi aliichimba mwenyewe, akaichemsha, akaituma kwenye chupa kwa ajili ya goti la mwanawe. Kuibiwa mke kunauma. Kuibiwa mke na dawa ya mama yako kwa mpigo, hiyo ni dharau iliyofungashwa vizuri. Akaapa: ikiwa kweli, ndoa imekwisha leo.

Mke alipotoka, naye akachechemea hadi kwa kinyozi, akakaa kitini, akafungwa shuka. Akauliza wembe ukiwa tayari kisogoni. Mipango haikuwa fani yake.

"Uvimbe wako unaendeleaje?"

"Uvimbe gani, Fundi?"

"Unaotibiwa na mke wangu."

Wembe ukasimama. "Mkeo? Sijamtia machoni tangu harusi yenu, na hata hiyo hamkunialika." Kisha meno yote yakatoka nje. "Kwani ananiulizia?"

Fundi akaondoka na nusu kichwa kimenyolewa, nusu kichaka.

Mkewe alifanya kazi maabara ya chuo. Fundi alimkuta huko peke yake, koti jeupe, glavu mkononi.

"Seli yuko wapi?"

"Kwenye kabati la joto. Kichwa chako kimefanya nini?"

"Umemficha kabatini? Mtoe!"

"Nikimtoa atakufa, Fundi."

"Na afe!"

Hapo mwanamke akaelewa. Alicheka mpaka akatafuta stuli, kisha akamvuta mumewe kwenye darubini. Fundi akachungulia: vidoa vya mviringo, vimelala kimya.

"Hao ndio Seli. Seli za kinga, askari wa mwili. Nawalisha na kuwafunika kila siku, tumezoea kuwaita kama mtu. Tukiwachokoza kwa sumu ya bakteria, wanamwaga kemikali za kuleta uvimbe." Akamwonyesha sahani yenye vishimo. "Hawa hawakupewa dawa, ona njano ilivyokolea: kemikali tele. Hawa walipewa ya mama. Njano imepauka."

"Kwa hiyo mama kaweza?"

"Kwenye sahani. Kwenye goti hatujui bado."

"Na dawa yangu umemaliza!"

"Vijiko viwili tu. Chupa iko nyuma ya debe la unga, ulipoificha mwenyewe ukasema chungu."

Mkewe akainama kabatini, akanong'ona, "Haya, laleni, baba zangu." Roho ikamuuma Fundi upya. Yeye mara ya mwisho kuambiwa hivyo ni lini?

"Nenda kwa Seli akumalizie kichwa," mke akasema.

"Huko sirudi. Utanimalizia wewe."

Jioni Fundi alikaa barazani, kikombe cha dawa mkononi, mke akimnyoa nusu iliyobaki. Ilikuwa chungu kuliko alivyokumbuka. Akainywa yote bila kukunja uso, kwa sababu vidoa vile navyo havikukunja. Simu ya mke ikalia. Mwenzake wa maabara alikuwa anauliza hali.

"Huyu wa nyumbani?" mke akajibu. "Kawaka tangu asubuhi. Sasa kanywa, katulia."

Fundi akainamisha kichwa anyolewe vizuri.